Mzigo Umefika Salama, Isipokuwa Mzigo

Simu imelia alfajiri, na kabla sijaigusa nikajua ni msiba. Ukiuza vitu vya kale mtandaoni utakuja kujua kwamba hakuna mtu anayekuandikia alfajiri akushukuru. Mwenye shukrani hungoja mchana, tena akikumbuka. Mwenye malalamiko ndiye asiyepata usingizi.

Ujumbe una neno moja na picha sita. Neno lenyewe: "Mheshimiwa." Jana mtu huyuhuyu alikuwa ananiita ndugu yangu. Mteja akikupandisha cheo usiku mmoja, jua kuna kitu kimevunjika.

Picha ya kwanza ni boksi. Ya pili ni boksi upande wa pili, limebonyea kama shavu la mzee asiye na meno. Ya tatu ni birika langu la kauri, lile lenye maua ya bluu alilotuachia bibi, na mkono wake uko pembeni. Birika huku, mkono kule, kama mtu na mkewe wanatoka mahakamani. Ya nne na ya tano ni unga. Ya sita, jamani, ni mfuniko. Mzima. Hauna hata mkwaruzo! Umetulia juu ya meza unang'aa, kama yule mtoto aliyewasemea wenzake kwa mwalimu.

Nikakimbilia ukurasa wa kufuatilia mzigo. Umeandikwa kwa herufi za kijani: "Umefika salama." Ni kweli, hakuna aliyedanganya. Boksi limefika. Aliyefia njiani ni birika.

Kinachoniuma ni ile glasi. Boksi nililibandika picha ya glasi pande zote sita, mpaka chini. Ile glasi si mchoro wa mtu aliyekosa kazi. Ni alama ya kimataifa, imo kwenye kiwango namba 780 cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, imechorwa ili hata asiyejua kusoma aelewe kwamba humu mna kitu cha kuvunjika. Sawa. Lakini kifurushi hakipokelewi na mtu mwenye huruma akakipakata. Kinapita kwenye mkanda, mashine inasoma mistari myeusi ya anwani, inakisukuma kwenye kitelezi fulani, kinaporomoka juu ya wenzake, na wenzake wanaporomoka juu yake. Mashine haijui glasi. Na binadamu anayengoja huko chini, aliye kwenye saa ya nane ya zamu ya usiku, akiiona glasi anakumbuka kiu.

Nikaanza kusoma. Hasira zilinipa elimu ambayo shule ilishindwa kunipa. Kumbe wataalamu wa vifungashio wanajua kabisa kwamba mzigo utaangushwa, hawabishani. Katika moja ya majaribio ya ISTA, shirika la kimataifa la kupima vifungashio vya safari, boksi jepesi linadondoshwa mara 10 kutoka kimo cha sentimita 76, yaani kimo cha meza. Mara 1 kwa kona, mara 3 kwa kingo, mara 6 kwa nyuso. Mara kumi! Mimi nilifunga birika kana kwamba litabebwa na malaika. Na wao wanashauri kitu kikae mbali na ukuta wa boksi walau sentimita 5 kila upande, kisitikisike, na kikiwa cha kauri basi boksi liingie ndani ya boksi jingine. Ndani ya birika kwenyewe ujaze karatasi. Mfuniko ufungwe peke yake, usikae juu ya birika, maana barabara nzima utakuwa unaligonga kama mgeni mlangoni.

Mfuniko niliufunga peke yake. Hilo moja nililifanya, na ndilo moja lililopona. Birika nililizungushia plastiki ya vipovu mara moja tu, kwa ubahili. Tena plastiki yenyewe ilikuwa imepungua, wanangu walikuwa wameshapasua nusu ya vipovu.

Hiyo plastiki nayo ina vituko vyake. Mwaka 1957 kule New Jersey, Marekani, Alfred Fielding na Marc Chavannes waligandanisha mapazia mawili ya bafuni, hewa ikabaki katikati, wakatarajia kuuza karatasi za kupamba ukuta. Ukuta wa vipovu! Nani angekaa chumba hicho akalala? Watu hawakuutaka. Baadaye kampuni ya IBM wakaanza kuitumia plastiki hiyo kufungia kompyuta zao, na leo mimi nazozana na watoto wangu wanaopasua bima yangu kipovu kimoja kimoja.

Basi nikasema, vizuri, boksi ndani ya boksi. Nikapeleka mzigo uliofuata. Karani akapima, akaandika kilo 16. Nikacheka. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, hicho ni kikombe cha zawadi na sahani yake, kilo moja na nusu." Naye hakucheka. Akanionyesha hesabu ya nafasi ambayo boksi linachukua: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Hamsini mara arobaini mara arobaini ni 80,000, gawanya, 16. Kwa hiyo kilo moja na nusu ni mzigo wangu, na kilo kumi na nne na nusu ni hewa. Nasafirisha hewa. Ukifunga kidogo kitavunjika, ukifunga sana utalipia upepo.

Turudi kwa Mheshimiwa. Nilimrudishia fedha zake zote, na sikungoja jua lichomoze. Wako wauzaji wanaomjibu mteja "malizaneni na msafirishaji." Sikubaliani nao. Aliyeandikishana na msafirishaji ni mimi, mteja hamjui hata kwa sura. Birika hakuliangusha yeye, wala mimi sikuliangusha, lakini mwenye risiti ya kutuma ndiye mwenye haki ya kugomba. Nikaenda kugomba.

Huko nikaombwa picha ya boksi la nje, picha ya vitu vya kufungia, picha ya kitu kilichovunjika, na boksi lenyewe litunzwe lisubiri kukaguliwa. Nikamwandikia Mheshimiwa haraka: tafadhali usitupe boksi. Akajibu kwa unyenyekevu kwamba boksi limeshatupwa, lilikuwa linamjazia sebule. Nikaombwa uthibitisho wa thamani. Nikasema ni birika la bibi. Wakataka risiti ya kununulia. Bibi alipewa zawadi ya harusi! Sasa niende makaburini nimgongee aliyempa, nimwambie samahani kukusumbua, ile risiti uliiweka wapi? Mwisho lilikuja jibu la mistari miwili, kwamba kifungashio hakikutosha kwa kitu cha aina hiyo, kwa hiyo bima hailipi. Nikalisoma mara tatu nikitafuta pa kukasirikia. Pakakosekana. Lile zungusho langu moja la plastiki walikuwa wameliona kwenye picha.

Tangu hapo nimekuwa mtu mwingine. Hakuna kitu kinachotoka kwangu bila kupigwa picha: mbele, nyuma, chini, ufa wa zamani, doa la zamani, kikiwa uchi, kikiwa nusu kimevaa, boksi likiwa wazi, boksi likiwa limefungwa. Mama watoto alisimama mlangoni akaniangalia nikimgeuza sanamu wa udongo apate mwanga wa dirishani. Akasema, "Baba Zuhura, mimi mara ya mwisho kunipiga picha ilikuwa lini?" Sikuwa na jibu, nikapiga nyingine.

Lakini picha zimenisaidia. Aliwahi kutokea bwana mmoja aliyenunua jarida la zamani, akalalamika kwamba limekunjika kona njiani, anataka nusu ya fedha. Nikamtumia picha ya kona hiyohiyo, imekunjika hivyohivyo, kwenye tangazo aliloliona kabla hajanunua. Akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akauliza kama ninazo stempu.

Santuri ndizo zilizonitoa jasho zaidi. Nilidhani santuri ni kitu bapa, kitavunjikaje? Kwanza zile nzito za zamani, za mizunguko 78 kwa dakika, nyingi si plastiki. Ni sheleki, resini inayotoka kwa vidudu vidogo vya kwenye miti, na ikianguka inapasuka kama sahani. Hizi za vinili, ambayo ni plastiki, hazipasuki kirahisi, ila zikiachwa ndani ya gari kwenye jua zinajikunja kama jani la mgomba. Na hata isipopasuka wala kujikunja, ukiituma ikiwa ndani ya jalada lake, boksi likisimama ghafla yenyewe haisimami. Inaendelea na safari, inatoboa jalada ukingoni na kuchungulia nje. Mnunuzi wa santuri anaweza kukusamehe mkwaruzo kwenye wimbo, lakini jalada lililochanika hakusamehe mpaka kiyama. Dawa ni kuitoa, ukaivika bahasha yake ya karatasi, ukaiweka nyuma ya jalada, halafu kadibodi ngumu mbele na nyuma.

Nikafanya hivyo. Nikaongeza. Kadibodi nne, plastiki mizunguko saba, boksi, boksi jingine, na gundi ya mkanda kila mshono mpaka mkanda ukaisha. Nilipomaliza nililidondosha mwenyewe kutoka mezani, mara kumi, kona, kingo na nyuso. Majirani waligonga ukuta. Nikalala usingizi wa haki.

Kesho yake nikalituma, na siku chache baadaye, alfajiri, simu ikalia. "Mheshimiwa." Nikaketi. Mteja anasema ameanza kufungua tangu jana jioni, mkasi umegonga mwamba, akaenda kuchukua kisu cha jikoni. Picha imeambatanishwa. Boksi zima. Kadibodi zimepasuliwa zote nne, jalada limepasuliwa katikati, mstari mmoja mnyoofu kama wa fundi cherehani. Kwa kisu chake. Kwa mkono wake. Anauliza utaratibu wangu wa kurudisha fedha ukoje.

Hapo nilitoka nje nikakaa kwanza.

Nikiwa huko nje likaja boksi la viatu, kuukuu, halina picha ya glasi, halina neno, limefungwa kamba. Ni Mheshimiwa wa kwanza, amenirudishia vipande vya birika, maana nilimwambia nitapeleka kwa fundi wa kuunga. Hamna kipovu hata kimoja humo ndani. Vipande vimetupwatupwa vikigongana, na katikati kuna soksi moja ya kijivu, imetoboka kidoleni. Ndani ya soksi, mfuniko. Mzima! Umekwenda na kurudi.

Juzi nimepata ujumbe mwingine, mchana safari hii, unaanza na "Ndugu yangu." Mtu ana birika la maua ya bluu, pacha wa langu, alilinunua mtandaoni, likafika salama salimini isipokuwa mfuniko. Anauliza kama kwa bahati naweza kuwa na mfuniko.

Nimeutoa kabatini. Nimepanga maboksi mawili, plastiki mpya ambayo watoto hawajaiona, karatasi, mkanda. Nimepiga hesabu, inakuja kilo 12 za mfuniko unaoenea kwenye kiganja. Mama watoto akapita na ndoo ya nguo, akaangalia meza, akaniangalia mimi.

"Si uutie kwenye ile soksi?"

Nimekaa hapa saa nzima sasa. Soksi yenyewe siioni, na nahisi ndiyo ameifua.