Utrasaundi ikisema uvimbe wa titi sio kansa, uiamini mpaka wapi?

Kwenye hii mada kuna makundi mawili na yote yanaongea kwa uhakika. La kwanza linasema utrasaundi inatosha, ukipimwa ukaambiwa uvimbe wako sio mbaya basi nenda kalale. La pili linasema utrasaundi haijui kansa, ukiwa na uvimbe kwenye titi utolewe kinyama kipelekwe maabara, hamna mjadala. Mi naona kila kundi limeshika kipande cha ukweli ila vipande vyenyewe havilingani.

Kuna sehemu moja ambayo utrasaundi haina mpinzani, nayo ni uvimbe wa maji. Mawimbi ya sauti yakiingia kwenye maji hayakutani na kitu cha kuyarudisha, kwa hiyo kwenye skrini unaona doa jeusi tii, kingo zake laini, ukuta mwembamba, alafu nyuma yake kunang'aa kuliko pembeni. Vyote hivo vikiwepo kwa pamoja hio ni sisti ya kawaida na stori imeishia hapo, sindano ya nini? Mamogramu, yaani eksirei ya titi, inaweza kukuonyesha kwamba kuna kitu lakini haikwambii ndani kuna maji au nyama.

Shida inaanza uvimbe ukiwa wa nyama. Kwa miaka mingi kazi ya utrasaundi ilikuwa ni kutenganisha maji na nyama tu, na ikishakuwa nyama kinachofuata ni bayopsi, yaani kile kinyama kutolewa, mara nyingi kwa sindano, kikapimwe maabara. Mwaka 1995 daktari Stavros na wenzake huko Marekani wakatoa utafiti wa vimbe 750 za nyama, ambapo 125 zilikuja kuthibitika ni kansa. Waliweka masharti magumu ya uvimbe kuitwa salama: uwe na umbo la yai au kingo zenye mawimbi mawili matatu laini, uwe umelala sambamba na ngozi yaani upana uzidi kimo, uwe umezungukwa na utando mwembamba, na usiwe na hata dalili moja mbaya, ikipatikana moja tu umefeli. Vimbe 426 zikapita, na kati ya hizo kansa zilikuwa 2 tu. Maana yake neno "salama" lilikuwa sahihi kwa asilimia 99.5, na hii ndo namba ambayo kundi la kwanza linaipenda.

Ila piga hesabu ya upande wa pili wa utafiti huohuo. Vimbe 324 hazikupita, na kansa humo zilikuwa 123, kwa hiyo 201 hazikuwa kansa. Yaani kati ya wanawake kumi walioambiwa uvimbe wao una mashaka, sita na zaidi hawakuwa na kansa. Hapa ndo kiini cha jambo lote kwa maoni yangu: utrasaundi ikisema "salama" kwa masharti kamili ina nguvu sana, ikisema "mbaya" inakuwa imekuonyesha tu pa kupeleka sindano. Watu wanazichanganya hizo kauli mbili kana kwamba zina uzito mmoja, mtu anaandikiwa "uvimbe wenye kutia shaka" anaanza kuaga ndugu zake, na inaniuma kwa sababu kidonda cha zamani cha operesheni kinaweza kuonekana hivohivo, mafuta yaliyokufa baada ya titi kugongwa pia, maambukizi pia, hata TB ya titi.

Alafu kuna kansa zenyewe kujificha. Aina ile ya tripo-negativu (isiyo na vile vipokezi vitatu ambavyo dawa nyingi za kansa ya titi huvilenga), ambayo inawapata sana wanawake wenye umri mdogo na wenye jeni ya BRCA1 iliyoharibika, ile ya kurithi inayoongeza hatari ya kansa ya titi, wakati mwingine inakuja ya mviringo, kingo laini, ukiitazama haraka unasema faibroadenoma hii, yaani uvimbe wa nyama usio kansa. Kansa ya ute, ile inayotengeneza ute ndani yake, nayo hivohivo. Na zile chembe ndogondogo za kalisiamu ambazo mara nyingi ndo dalili pekee ya kansa changa iliyo bado ndani ya mifereji ya maziwa, utrasaundi huzikosa mara nyingi na mamogramu inaziona. Kwa hili kundi la pili wana haki kabisa.

Kitu ambacho makundi yote mawili hayakisemi ni mkono wa anayepima. Kipande cha mafuta ya kawaida kikikatwa na picha kwa upande mmoja kinaonekana uvimbe kamili wa duara, mpimaji akizungusha kifaa robo mzunguko kinarefuka na kuungana na mafuta ya jirani, kumbe hakuna uvimbe. Na kinyume chake, uvimbe unaweza kuwa yai zuri upande huu, ukigeuza kifaa unaona ncha imechomoza kwenye kona. Aliyepiga picha upande mmoja akaandika ripoti hajakupima, hata mashine iwe mpya kiasi gani. Ndo maana pia sishangilii sana AI, yaani programu za akili bandia zinazosoma picha. Utafiti wa New York wa 2021 ulionyesha madaktari wakisaidiwa na AI walipunguza majibu ya uongo ya "mbaya" kwa asilimia 37.3 na maombi ya bayopsi kwa 27.8 bila kukosa kansa zaidi, ni hatua kubwa na naiheshimu, lakini programu inasoma picha iliyoletewa, kona ambayo hakuna aliyeipitia haiwezi kuiona.

Kwenye ripoti tafuta daraja la BI-RADS, mfumo wa Chuo cha Radiolojia cha Marekani wa kupanga picha za titi kwa kiwango cha mashaka, ambao uliingiza utrasaundi mwaka 2003. Daraja la 2 ni salama, 3 uwezekano wa kansa hauzidi asilimia 2 na kawaida unarudi kupimwa baada ya miezi 6, 5 ni asilimia 95 kwenda juu. La 4 ndo pana mno, kuanzia 2 mpaka 95, kwa hiyo ukiandikiwa 4 uliza ni 4A, 4B au 4C, maana 4A haizidi asilimia 10. Ripoti inayosema "uvimbe umeonekana" bila daraja wala vipimo vya upana na kimo irudishe, una haki hio.

Na kwa wale wa "bayopsi tu", sindano nayo inaweza kupita pembeni ya uvimbe, na mara nyingi inaongozwa na utrasaundi hiohio mnayoidharau. Majibu ya maabara yakirudi "sio kansa" wakati picha ilikuwa daraja la 5, daktari makini hatakuruhusu uende, anarudia sindano au anautoa uvimbe wote. Vilevile kama mkono unashika uvimbe mgumu kabisa na utrasaundi na mamogramu zote hazioni kitu, picha safi haitoshi kukurudisha nyumbani, uvimbe ule bado unahitaji bayopsi.