Mpira wa Ayalandi, mkabo wa Australia

Mchezaji wa mpira wa Kigaeli, mchezo wa jadi wa Ayalandi unaochezwa kwa mikono na miguu, anaweza kutwaa ubingwa akiwa na kaunti yake, akashangiliwa na watu 80,000 uwanjani Croke Park, na bado akakosa jezi ya taifa, maana hakuna taifa jingine linaloucheza mchezo huo kwa kiwango chake. Mwenzake wa Australia, anayecheza mpira wa Kiaustralia, yumo katika upweke uleule. Upweke huo ndio uliozaa mchezo mseto wa nchi hizi mbili: Waaustralia walifanya ziara mwaka 1967, na mashindano rasmi yakaanza 1984.

Kanuni zake ni kama makubaliano ya wakwe. Waayalandi walitoa mpira wa mviringo, uwanja wa mstatili, wavu na kipa. Waaustralia wakaleta ruhusa ya kumkamata mwenye mpira na kumwangusha, nguzo mbili za pembeni, na haki ya aliyedaka mpira uliopigwa mbali kupiga bila kubughudhiwa. Mpira ukitinga wavuni ni pointi 6. Ukipita juu ya mtambaa wa panya, 3. Ukipita kati ya nguzo kubwa na ya pembeni, 1.

Wanaotaka mchezo huu uachwe wana hoja nzito, na siwabezi. Mwaka 2005 ngumi zilirushwa. Mwaka 2006, Croke Park, mbele ya watu zaidi ya 82,000, mchezaji wa Ayalandi aliangushwa akapoteza fahamu. 2007 mashindano hayakufanyika. Kinachoniuma ni kwamba Waayalandi hucheza kwa ridhaa. Mwalimu au fundi anakabwa na mtu ambaye kukaba ndiyo ajira yake, kisha akivunjika anarudi kwenye kazi isiyomngoja.

Hoja ya kwamba mechi hizi ni soko la klabu za Australia kuwanyakua vijana wa Ayalandi hainishawishi sana. Jim Stynes wa Ayalandi, aliyetwaa mwaka 1991 medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Australia, aliitikia tu tangazo la klabu ya Melbourne. Mwayalandi mwenzake, Tadhg Kennelly, alitwaa ubingwa wa Australia na klabu ya Sydney mwaka 2005, akarudi nyumbani na kutwaa ule wa Ayalandi na kaunti ya Kerry mwaka 2009.

Wala si kweli kwamba wanaolipwa hushinda daima. Mwaka 2013 Australia ilileta kikosi cha wachezaji wenye asili ya wenyeji wa bara hilo pekee, heshima kubwa kwao, lakini Ayalandi ikashinda kwa jumla ya 173 kwa 72: mpira wa mviringo una wenyewe. Mwaka 2017 Australia ilipenya kwa 116 kwa 103.

Mimi nasema uchezwe, ila kwa marefa wasiosita kumtoa mtu nje na kwa bima inayomlinda asiyelipwa. Namfikiria kijana wa Leitrim, kaunti ambayo haijawahi kuwa bingwa wa Ayalandi. Kwake, jezi hii ndiyo mlango pekee wa kuliwakilisha taifa kwa mchezo aliokulia.