Kamati ya Harusi Yanikamata Athens

Kwanza mjue hali ilivyokuwa kwenye kundi la familia. Binamu yangu anaoa, kamati imeundwa, shangazi ndiye mweka hazina, na kila asubuhi orodha inabandikwa: jina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Mbele ya jina langu palikuwa na ahadi peke yake. Nilikuwa nimeandika, kwa adabu zote, kwamba huku Marekani mambo yamebana, kodi ya nyumba imepanda, saa za kazi zimepunguzwa, wanistahimilie kidogo. Na ilikuwa kweli tupu. Shangazi hakujibu neno, aliweka kidole gumba. Ukiwekewa kidole gumba na shangazi yangu, ujue faili lako bado liko mezani na kalamu iko juu yake.

Sasa mimi naishi Nashville, jimbo la Tennessee. Mfukoni sina kitu, Jumamosi sina kazi, nifanye nini? Nikaenda Centennial Park kupiga picha, maana kukanyaga nyasi za bustani ya jiji ni bure, na katikati ya nyasi zile limesimama hekalu la Kigiriki. Parthenon nzima, kwa vipimo vyake kamili, nguzo nane mbele na kumi na saba ubavuni, kama ile ya Athens.

Hilo jengo lina historia ya kuchekesha. Tennessee ilijiunga na Marekani mwaka 1796, kwa hiyo maonyesho ya kutimiza miaka mia yalitakiwa yafanyike 1896. Yakafanyika 1897. Niliposoma hapo nikajisikia niko nyumbani Tanga kabisa. Majumba ya maonyesho, hekalu hili likiwemo, yalijengwa kwa vifaa vya muda, mengine yakaja kubomolewa, lakini hekalu wenyeji wakagoma lisibomolewe. Lilipoanza kuchakaa wakalijenga upya kwa zege, kazi ikakamilika mwaka 1931. Ukisogelea nguzo unaziona kokoto ndogondogo zimejitokeza usoni, za kahawia na za rangi ya mchanga, unaweza kuzihesabu kwa ukucha. Ila rudi hatua thelathini nyuma, uapishwe, utasema ni jiwe la kale.

Na mimi nilirudi hizo hatua. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, na lilianzia kwenye ufundi. Picha ya simu ina ile mistari ya kukusaidia kunyoosha, lakini hekalu hili halinyooki. Wagiriki walilijenga la kwao kwa makusudi hivyo: sakafu imeinuka katikati, nguzo zimenenepa kiunoni na zimeinamia ndani kidogo, ili jicho lidanganyike lione kila kitu kimesimama wima. Wamarekani wakaiga hadi hizo hila. Kwa hiyo ukinyoosha upande huu, upande ule unakukimbia. Nikapiga magoti, nikalala kifudifudi kwenye umande, mbwa wa mtu akaja kuninusa kisogo.

Halafu watu. Bustani ya jiji asubuhi ni sokoni. Kina mama wa mazoezi wametandika mikeka mbele ya ngazi, vijana wanarushiana kisahani, mwingine anakimbia na kigari cha mtoto, bibi harusi mmoja na gauni lake lenye mkia anapigwa picha pembeni ya nguzo. Mimi nikasubiri. Nikataka picha safi, isiyo na fulana, isiyo na pipa la taka, isiyo na hata bango. Jua likapanda, likapiga nguzo za mashariki zikawa rangi ya asali, dakika moja hivi watu wote wakapisha, nikabofya. Nikamwomba kijana anipige na mimi, nimesimama kati ya nguzo mbili, mkono kiunoni, miwani ya jua. Nikazirusha kwenye kundi la familia, maneno chini yake: "Asubuhi njema kutoka huku."

Tanga ilikuwa alasiri, watu wameshakula wameshiba, wana nguvu.

Wa kwanza alikuwa baba mdogo, mwalimu wa historia mstaafu. Akaandika: "Hii ni Parthenon. Iko Athens, nchini Ugiriki. Ilijengwa 447 hadi 432 K.K. Nimeifundisha miaka yote." Kimya kidogo. Kisha shangazi: "Kwa hiyo mweka ahadi wetu anatalii Ulaya." Vidole gumba vikaanza kumiminika chini ya neno lake, pamoja na vya watu ambao sijasikia habari zao tangu msiba wa babu.

Nikajibu haraka: hapana shangazi, niko Nashville, hapa ni bustanini, ni mfano tu wa lile hekalu. Baba mdogo akaniuliza, mfano gani mkubwa kama nyumba ya serikali? Nikamweleza kwa heshima kwamba ile ya Athens haina paa, Waturuki walihifadhi baruti ndani yake, mwaka 1687 Waveneti wakaipiga kwa kombora ikalipuka. Tazama hii baba, ina paa! Akaniandikia: "Zaidi ya miaka mia tatu, unadhani Wazungu hawajapata fundi?"

Nikatuma ramani ya mahali nilipo. Anwani yote iko pale, mji, jimbo, kila kitu. Lakini simu ya shangazi kioo kimepasuka kuanzia katikati, upande wa kulia ni mweusi ti. Akasoma kilichobaki upande wa kushoto, akatangaza: "Ramani imeandika Parthenon. Mwalimu yuko sahihi."

Nikasema liwalo na liwe, naingia ndani, huko kuna maandishi yatakayoniokoa. Nikalipa kiingilio kwa uchungu, nikapanda. Ndani kuna sanamu ya Athena, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale. Jamani, yule mama! Amekwenda juu karibu mita kumi na tatu, ana mkuki, ana ngao, pembeni ya ngao nyoka amejiinua, na kiganjani mwake kasimama mungu wao wa ushindi, Nike, mwenye urefu wa mtu mzima ila yeye kamshika kama mtu aliyebeba kikombe cha chai. Alichongwa na Alan LeQuire wa hapahapa Nashville, akazinduliwa 1990, na mwaka 2002 wakampaka dhahabu. Shingo ilinikakamaa kumtazama. Nikampiga, nikamrusha kwenye kundi, nikaeleza yote hayo, na nikaongeza, kwa kutaka kumtuliza shangazi, kwamba asitishike, dhahabu yenyewe ni nyembamba kama karatasi, haizidi kilo nne hivi.

Mweka hazina wa kamati ya harusi ukimtajia kilo nne za dhahabu, hasikii tena neno lingine. Akapiga hesabu kwa bei ya gramu Kariakoo, akaweka jumla kwenye kundi. Ilikuwa na sifuri nyingi. "Huyo ndiye anayesema mambo yamebana," akaandika. Mama yangu mzazi, ambaye muda wote alikuwa kimya, akaniuliza pembeni: "Mwanangu, hiyo sanamu hujaisujudia lakini?"

Basi nikatoka nje nikapiga simu ya video. Kundi zima wakaingia, nyuso ndogondogo zimejaa kioo, nyingine paji la uso tu. Nikawazungushia bustani: oneni ziwa, oneni bata, oneni magari yale. Baba mdogo akasema magari hata Ugiriki yapo. Hapo akapita mzee mmoja wa Kimarekani, kofia pana ya kikauboi, mkanda una kibati kama sahani ya kisosi, buti zimechongoka. Nikasema Mola ameniletea shahidi. Nikamwomba awaambie wazee wangu hapa ni wapi. Mzee akafurahi, akaisogelea kamera hadi ndevu zikajaa kioo, akavua kofia, akawakaribisha kwa sauti ya redio kwenye mji ambao wenyeji tangu zamani wanauita Athens ya Kusini.

Ya "Kusini" ilimezwa na mtandao. "Athens" ilifika Tanga ikiwa nzima.

"Mmesikia wote?" baba mdogo akauliza, kashasimama. "Mgiriki mwenyewe kasema!" Nikapiga kelele kwamba yule si Mgiriki, ni kauboi, tazameni kofia. Shangazi akasema jua la Ulaya kiangazi ni kali, lazima wavae. Mzee wa watu akanipungia mkono akaenda zake, ameridhika kabisa kwamba amesaidia.

Jioni yao orodha ikatoka upya. Jina langu limehamishwa kutoka "Ndugu walioko Marekani" likawekwa juu kabisa, kichwa kipya, peke yangu: "Ndugu aliyeko Ugiriki." Ahadi imepandishwa mara mbili bila mimi kuulizwa, na mbele yake shangazi ameandika "Mwisho Ijumaa." Nikakopa kwa simu kwa Mkongomani ninayeishi naye, akacheka hadi akakaa chini. Nikalipa yote.

Kuanzia hapo nikawa mtu mzuri. Bwana harusi mwenyewe alinitumia ua. Baba mdogo akaandika kunitakia safari njema, nisafiri salama, na nikifika Marekani niwaarifu.

Nilikuwa bado kwenye benchi la bustani nikichaji simu. Nikapanda basi, nikabadilisha jingine, baada ya saa moja na ushee likanishusha karibu na mlango wangu. Nikaandika: "Nimefika Marekani salama."

"Alhamdulillahi," baba mdogo akajibu. Nukta tatu zikacheza muda mrefu chini ya jina lake. "Ndege gani hiyo?"