Shusha Usikivu, Utafika Chini Zaidi

Kila nikitoka na mtu aliyeshika detekta ya metali kwa mara ya kwanza, naona kidole chake kikikimbilia usikivu. Anaupandisha mpaka mwisho, halafu anaanza kutembea. Anaamini mashine ikisikia sana itafika chini sana. Sikubaliani naye hata kidogo. Kwenye udongo wenye madini mengi ya chuma, hiyo ndiyo njia ya haraka ya kupoteza kina ulichokilipia.

Koili, ile duara ya waya iliyo mwisho wa fimbo ya mashine, haizungumzi na metali peke yake. Inatuma nguvu ya sumaku ardhini, na chochote kinachoweza kujibu kinajibu. Udongo mwekundu umebeba oksidi za chuma, na mchanga mweusi una magnetiti (madini ya chuma yanayovutwa na sumaku), kwa hiyo jibu lao linaweza kuizidi kwa mbali sarafu iliyolala sentimita 20 chini. Ukikuza usikivu, unakuza vyote viwili, na sarafu inamezwa na kelele. Kabla sijawasha mashine, huwa napitisha sumaku ndogo juu ya udongo mkavu. Ikitoka na manyoya meusi yaliyosimama kama ndevu, najua siku hiyo nitafanya kazi kwa upole.

Alexander Graham Bell mwenyewe, mvumbuzi wa simu, yalimkuta. Mwaka 1881 aliitwa kutafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, na springi za chuma za godoro zikachangia kumvurugia kifaa chake cha kutafutia metali. Risasi haikupatikana. Kifaa chake kilikuwa kinasikia vizuri. Kilisikia na kitanda.

Basi kusawazisha ardhi ndiko kunakotangulia. Tafuta kipande kisicho na metali, shusha koili karibu iguse udongo, inyanyue hadi magotini, ishushe tena, taratibu, huku ukirekebisha mpaka mlio usibadilike ikipanda wala ikishuka. Watu hufanya hivyo asubuhi mara moja tu, wakasahau. Lakini hatua 30 mbele udongo umegeuka kutoka kahawia kuwa mwekundu, au umeingia palipowahi kuwashwa moto (moto nao huongeza usumaku wa udongo), na mizani ya asubuhi haifai tena. Mimi narudia kila rangi ya udongo inapobadilika, na kila mlio wa msingi, ule unaosikika muda wote, unapoanza kuyumba.

Kuna mteremko mmoja mwekundu nilioupita mara tatu nikiwa na usikivu wa juu. Mashine ililia kila mahali, nikachimba mashimo matupu mpaka nikachoka. Mara ya nne nilishusha usikivu kwa theluthi moja, nikafunga koili ndogo, nikapunguza mwendo. Ukimya ule ulinishtua. Ndani yake nikasikia mlio mwembamba, unaojirudia mahali palepale nikitoka kushoto na nikitoka kulia. Ilikuwa kifungo cha shaba, kimegeuka kijani, chini ya udongo niliokwisha kuukanyaga. Koili ndogo inaona udongo mchache kwa wakati mmoja, kwa hiyo inasumbuliwa kidogo. Ile kubwa naiweka kwa ardhi tulivu.

Kichujio cha chuma, kinachoinyamazisha mashine ikikuta chuma, nacho kinahitaji adabu. Katika udongo mkali, kitu kizuri kilicho chini sana huweza kusomeka kama chuma. Ukichuja kwa nguvu, mashine inakinyamazia na wewe unapita. Heri nichimbe misumari kumi.

Ufukweni mambo ni mengine. Mchanga mkavu hausumbui, ila ukiloa maji ya chumvi unapitisha umeme, na hilo ni tatizo tofauti na lile la chuma. Mashine ya masafa mamoja (inayotuma mawimbi ya mtetemo mmoja tu) ikisawazishwa kwa chumvi inayumba kwenye mchanga mweusi, na kinyume chake. Hapo ndipo masafa mengi kwa pamoja yanapolipa, au mashine ya mapigo, ambayo hutuma pigo na kusikiliza baada ya pigo kukatika. Ya mapigo inavumilia ardhi mbaya kuliko zote, ila haitenganishi vizuri msumari na pete.

Kama bado unashikilia usikivu wako wa juu, fukia sarafu sentimita 15 kwenye udongo wako mwenyewe. Ipite kwa usikivu kamili, kisha shusha hatua kwa hatua na uandike ni wapi mlio ulisikika safi. Namba hiyo ndiyo uanze nayo, hata kama mtengenezaji aliandika nyingine kwenye kijitabu.