Bastola ya kizamani kwa ajili ya shabaha tu, mbona tunaikataa haraka hivi?

Hapa Tabora ukimwambia mtu kwamba kuna watu Marekani wananunua bastola ya bei nafuu yenye umbo la zamani, Jumamosi wanaenda nayo uwanjani wanalenga karatasi wee halafu wanarudi zao nyumbani kula, jibu la kwanza utakalopata ni "kwani anataka kumuua nani?" Ndo mjadala uliowaka kijiweni kwetu baada ya jamaa mmoja kutuonyesha video ya mzee mmoja wa huko akifyatua taratibu na bastola yake, na karibu wote walikuwa upande mmoja. Hoja yao ina uzito na nitaifikia, ila upande wa pili haukusikilizwa kabisa na hilo ndo limenifanya niandike.

Bastola tunayoongelea ni ile Colt ya 1911, kazi ya John Browning, jeshi la Marekani limekaa nayo mpaka 1985 ndo likahamia bastola ya Beretta. Chanzo chake ni vita vya Wamarekani kule Ufilipino, bastola zao ndogo zilionekana hazina nguvu wakataka risasi nene ya .45, yaani kipenyo cha karibu inchi 0.45, na leo kopi za bei nafuu zinatengenezwa na kampuni ya Armscor huko huko Ufilipino, nyingine na Tisas ya Uturuki. Ni kama baiskeli ya Phoenix, nzito, umbo halibadiliki, spea kibao na fundi yeyote anaijua. Kwa Marekani zinaanzia kama dola 400, wakati yenye jina kubwa inaweza kufika mara mbili ya hapo na zaidi.

Sasa raha yake iko wapi? Iko kwenye utulivu inaokulazimisha. Unatoa magazini ya risasi, unavuta slaidi, kile chuma cha juu, kwenda nyuma, unachungulia chemba ambamo risasi hukaa, kama hapaonekani vizuri unaingiza kidole kidogo uhakikishe hamna kitu. Unarudisha magazini, risasi 7 tu, unakoki, gumba linapandisha sefti, yaani kizuizi cha usalama. Kiganja nacho lazima kibane sawasawa maana nyuma ya mpini kuna kibonyezo, usipokibana haifyatuki hata uvute triga mpaka kesho. Chuma chenyewe kina kama kilo moja na ushee, kwa hiyo mkono ukianza kutetemeka unaona kabisa kilengeo kinacheza na karatasi itakusema. Mtu mwenye papara hapati kitu pale, anapiga udongo.

Upande unaokataa nao nauelewa, hasa wenzetu wa Kigoma. Toka vita ya Burundi ya 1993 na ya Kongo kuanzia 1996 silaha zimevuka ziwa, zimepita porini, na watu wa Kibondo na Kasulu wanakumbuka mabasi yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi wa barabarani. Ukimwambia mtu aliyelazwa kifudifudi kwenye lami kwamba bastola ni burudani atakuona umechanganyikiwa, na ana haki. Lakini zile zilikuwa bunduki za SMG za magendo, hazina kibali wala mwenyewe anayejulikana. Mtu wa shabaha ni mwingine kabisa: kwa sheria yetu ya silaha ya 2015 anaanzia serikali ya mtaa au kijiji, anapita kamati za ulinzi na usalama, polisi wanamchunguza, namba ya silaha inaandikwa kwenye jina lake. Huyo kumweka kapu moja na jambazi si haki.

Halafu tusijifanye kwamba kulenga shabaha ni mambo ya wazungu. Vijana wa JKT wa mujibu wa sheria wakimaliza form six wanaenda Msange hapa Tabora, au Bulombora, Mtabila na Kanembwa kule Kigoma, na kulenga shabaha ni sehemu ya mafunzo. Tunamfundisha mtoto wa miaka 18 au 19 kushika bunduki, akirudi nyumbani basi, hagusi tena maisha yake yote. Na hakuna mtu anayeogopa kwamba tumetengeneza majambazi.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni hili. Bastola nyingi za kiraia tunazozijua ni za kujilinda, mfanyabiashara kapata kibali chake halali, kaifungia kwenye droo au anatembea nayo kiunoni, na miaka inapita hajafyatua hata risasi moja. Siku akivamiwa usiku, au siku akilewa na kukasirika baa, mkono unaoenda kiunoni ni mkono ambao haujui uzito wa triga wala haujui risasi ikikosa inaenda wapi, na nyuma ya mlengwa kuna mke, kuna mhudumu, kuna mtoto wa jirani. Jamii yetu huyo tunamwona ni mtu mzima mwenye sababu ya maana, ila yule anayetaka kufyatua kila wiki mbele ya msimamizi, masikio yamezibwa, nyuma ya karatasi kuna tuta la udongo, huyo ndo tunamwita hatari! Mimi nikipewa kuchagua nani awe jirani yangu namchukua wa pili bila kufikiria.

Ila hapo hapo "bei nafuu" inabidi ihojiwe, maana wanaosifia bastola hizi wanaliruka. Risasi 50 za .45 huko kwao zinaweza kula dola 20 na zaidi. Ukipiga 200 kwa mchana mmoja ni dola 80, ukienda mara tano umeshalipa bei ya bastola nyingine. Anayejibana anaacha kwenda uwanjani, na akiacha amegeuka kuwa yule yule wa kwenye droo. Ndo maana ningesema umbo lile lile lakini linalopiga risasi ndogo ya .22, zipo, kichwa cha risasi kina gramu kama 2.6 wakati cha .45 kina karibu 15, msukumo ni mdogo na boksi la 50 ni dola chache tu. Wenye kutaka .45 kwa sababu ya mshindo wataninunia, wanune.

Kwa huku kwetu ningeanza chini zaidi, na bastola za upepo za mita 10, zile alizopigia Yusuf Dikeç wa Uturuki akiwa na miaka 51 kule Paris 2024, mkono mfukoni, akabeba medali ya fedha na mwenzake. Duara la alama 10 pale lina milimita 11.5, hebu ligusie mita 10 kwa mkono mmoja. Anayeweza hiyo ndo apande kwenye .22, na bastola isilale nyumbani kwa mtu, ikae stoo iliyofungwa na itoke kwa kusainiwa. Nani akae na funguo sina jibu la haraka, ningependa watu wa Kasulu na Kibondo wawe wa kwanza kusema, maana wao wanajua silaha ikipotea inaishia wapi.