Shikilieni, Kijana wa Watu Anaanguka!

Mama yangu anajua nafanya kazi maofisini. Si uongo. Ofisi naziona nyingi tu, ila kwa nje, nikiwa nimening'inia.

Siku hiyo tulikuwa tunasafisha vioo vya jengo refu Posta, Dar es Salaam. Sisi wa kamba hatujengi jukwaa. Una kamba mbili za milimita 11, kila moja imefungwa mahali pake huko paani: moja ya kushukia, nyingine inasubiri siku hiyo ya kushukia ikikukana. Hata ndoo na mpira wa kufutia vina kamba zao kiunoni, maana kikidondoka kitu kutoka kule hakikosi kichwa cha mtu.

Bosi wetu wa paani, msimamizi wa Daraja la 3 la IRATA, chama cha kimataifa cha sisi watu wa kamba, alizungushia utepe kule chini akamweka kijana alinde eneo. Kijana akaenda kunywa chai.

Nikiwa ghorofa ya tisa nikabana mkono wa disenda, kile kifaa cha kushukia kwenye kamba, nishuke. Wapi! Kamba imekaza kama uzi wa gitaa. Kuchungulia chini, mlinzi wa jengo la jirani ameruka utepe, amekumbatia mikia ya kamba zangu, na bodaboda kadhaa wako nyuma yake wanavuta.

"Shikilieni! Kijana wa watu anaanguka!"

Kitaalamu mzee alikuwa sahihi kabisa. Mtu akiporomoka, unavuta kamba yake kwa chini, disenda inagoma, anasimama. Tatizo ni kwamba sikuwa naporomoka.

Nikapiga kelele, upepo wa kusi ukazichukua ukazipeleka Masaki. Redio ikakoroma: "Mbona hushuki?"

"Nimeshikiliwa."

"Na polisi?"

"Na wananchi!"

Nyuma ya kioo kilichokuwa mbele yangu kulikuwa na usaili. Jopo limeacha kumsikiliza msailiwa, linanitazama mimi, na dada wa watu amenipa mgongo, anaeleza jinsi anavyohimili presha kazini. Nikaandika kwa kidole kwenye povu: WAAMBIE WAACHIE KAMBA. Kwao ndani ikasomeka kinyumenyume. Mzee mmoja wa jopo akapinda shingo, akasoma, akatabasamu, akanipungia mkono.

Msailiwa ndiye aliyegeuka. Akatoa kioo cha poda kwenye mkoba, akasomea humo, akatoka mbio kwenda kwenye lifti. Kama hawakumpa ile kazi, wamekosa mtu.

Chini wakaachia wote kwa mpigo, wakati mimi nimebana mkono kwa nguvu zangu zote. Bahati nzuri disenda ile ina breki ya woga: ukibana kupita kiasi inajifunga. Ikaniteremsha kidogo, ikafunga tap! Ndoo haina breki. Maji yote ya sabuni yakanimwagikia.

Nilipofika chini mlinzi akanikumbatia, jasho linamtiririka.

"Shikamoo mzee. Mbona sikuwa naanguka?"

"Marahaba mwanangu. Ungeangukaje, na kamba nimeshika mimi?"

Bodaboda wakapiga makofi, wakauliza soda zinakuja lini. Kijana wa utepe ndiyo kwanza anarudi, chapati mkononi. Nikamwonyesha duka lilipo, akanunue kwa hela yake.