Kibubu Kilichokaliwa na Mwenyekiti

Kwa kuwa ujumbe wa sauti wa dakika 4 uliorekodiwa na mhazini wa kamati yetu ya harusi umekwisha kusafiri kutoka Tabata hadi kwa mama mkwe wangu Dodoma, na kwa kuwa katika ujumbe huo inadaiwa kwamba nililia, nimeona heri nisimulie mwenyewe kabla hamjaletewa toleo la tatu, ambalo bila shaka litakuwa na kamasi na kuzirai. Sikulia. Nilitokwa na jasho usoni, na jasho la mtu aliyeaibika halichagui pa kupita.

Mnaonifuata tangu Januari mnakumbuka nilivyowasumbua. Ni mimi niliyewapigia hesabu kwamba wali maharage wa mama lishe wa shilingi 3,000, ukiula siku 22 za kazi, ni shilingi 66,000 kwa mwezi. Ni mimi niliyeacha bodaboda na kurudi kwenye daladala nikiwa nimekumbatia hotpoti ya kiporo kama mtu aliyebeba kichanga. Na ni mimi niliyewatumia lile jedwali la wiki 52, ambalo wiki ya kwanza unaweka shilingi 1,000, ya pili 2,000, ya tatu 3,000, na kuendelea hivyo mpaka wiki ya mwisho unapoweka 52,000 na kujikuta una shilingi 1,378,000. Hesabu hiyo ni sahihi. Nimeirudia mara nyingi kuliko nilivyoweka fedha zenyewe. Kasoro yake ni kwamba wiki 4 za mwisho peke yake zinadai shilingi 202,000, kwa hiyo aliyeitunga ni mtu ambaye Desemba hasafiri kwenda kwao na Januari halipi ada ya mtu.

Sikutaka kuweka fedha hizo kwenye simu. Tangu tozo za miamala zilipoanza Julai 2021 nilikuwa na kinyongo ambacho sikukiondoa hata tozo zenyewe zilipopunguzwa, na isitoshe ninakijua kidole gumba changu: kikiona salio, kinawashwa. Nikaenda Keko kwa mafundi seremala kuagiza kibubu. Nilitaka kikubwa, chenye ukubwa wa kreti ya soda na miguu minne mifupi, maana nilijiambia kuwa shilingi 1,378,000 zinahitaji nafasi ya kupumua. Fundi akataka 25,000. Nikambembeleza, nikaondoka nikarudi, nikamshusha mpaka 15,000. Akaniangalia kwa huruma, akasema, “Kwa bei hiyo, bosi, mbao itaishia juu na ubavuni. Kitako nitakupigia silingibodi.” Nikaona nimeokoa shilingi 10,000 kabla hata sijaanza kuweka akiba. Nikamwomba aniandikie mbele, kwa rangi nyekundu, AKIBA HAIOZI. Maandishi hakuyatoza.

Nyumbani, kwa kuwahadaa wezi, mke wangu alikifunika kwa kitambaa cha kufuma na kukiweka kando ya kitanda, na kwa kweli ungeapa kuwa ni stuli. Kumbukeni hilo.

Sasa lipo jambo ambalo sikuwaambia Januari, wala Machi mliponiuliza naendeleaje nikajibu “vizuri sana”. Kibubu hakifunguki mpaka kivunjwe, na hiyo ndiyo maana yake, lakini tundu la kuingizia fedha ni tundu, na tundu halijui kama kitu kinaingia au kinatoka. Mwezi wa pili niligundua kwamba ukichukua kijiti cha mshikaki, ukabandika nchani bigijii iliyotafunwa nusu tu, isiyo laini sana, ukakiinamisha kibubu kidogo kuelekea dirishani ili mwanga uingie, unaweza kuigusa noti mgongoni, ukaikandamiza, ukahesabu mpaka kumi, kisha ukaivuta taratibu kama mtu anayemvua sato. Sarafu hazinasi. Noti ya msimbazi, yaani ya 10,000, inanasa vizuri sana.

Mimi si mwizi, kwa hiyo kila nilipovua noti niliandika kikaratasi chenye kiasi, sababu na tarehe ya kurudisha, nikakitumbukiza humo ndani. Nilikuwa ninajikopesha kwa maandishi, na nilijivunia utaratibu huo.

Tuje kwenye Jumapili iliyopita. Kamati ya harusi ya mfanyakazi mwenzetu ilikuwa ikikutania baa, na kila kikao kilikuwa kinakula vinywaji kuliko kinavyokusanya michango. Nani alisimama kupendekeza tukutanie majumbani ili tubane matumizi? Nani alijitolea nyumba yake iwe ya kwanza? Tuendelee.

Walikuja wajumbe 14. Nilikuwa na sofa moja, viti vinne vya mezani na viwili vya plastiki vya jirani. Mwenyekiti wetu, mtu mzima mwenye mwili wa heshima zake, alichelewa akakuta pote pamejaa. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ambaye hajawahi kuambiwa siri yoyote ya nyumba hii na sasa najutia, akasema, “Subiri, mzee, chumbani kuna stuli.” Mimi wakati huo nilikuwa jikoni namimina juisi ya ukwaju. Niliporudi sebuleni na sinia mkononi, mwenyekiti alikuwa amekwisha kukaa, kitambaa cha kufuma kikining’inia pande zote mbili za mapaja yake kama tandiko la punda.

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema stuli ina kunguni. Badala yake niliweka sinia mezani kwa sababu katibu alikuwa ameshalitaja jina langu: ilikuwa zamu ya wajumbe wenyewe kueleza ahadi zao. Kiwango kilikuwa shilingi 100,000 kwa mtu mmoja na 150,000 kwa mtu na mwenza wake. Mimi nilikuwa nimeahidi 150,000 na sikuwa nimepunguza hata senti.

Nikasimama. Hotuba nilikuwa nimeiandaa tangu Ijumaa.

“Ndugu mwenyekiti na ndugu wajumbe,” nikaanza, “mwaka huu Mungu ametujaribu.” Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, na alipoitikia, mwili wote ukaitikia pamoja naye, na chini yake kukasikika *chwaa*, sauti ndogo ya sarafu zinazohama kutoka kona moja kwenda nyingine. Hakuna aliyeitambua isipokuwa mimi. Nikapandisha sauti kidogo. Nikaeleza habari ya ada. Mwenyekiti akakunja mguu: *chwaa*. Nikaeleza habari ya paa linalovuja, ingawa halivuji. Akakunjua mguu: *chwaa*. Mhazini, ambaye kwa kazi yake masikio yake yamezaliwa kwa ajili ya sauti hiyo tu, akainua macho kutoka kwenye daftari, akatazama dari, akatazama mifuko ya watu, akatazama chini. Mimi nikazidi kupaza sauti mpaka mtoto wa jirani akachungulia dirishani kuona nani anahubiri.

“Kwa hiyo,” nikasema, na haya ndiyo maneno yangu kamili, hapo mhazini hakuongeza kitu, “ninaomba ahadi yangu ishuke iwe 50,000, kwa sababu, naapa mbele yenu, ndani ya nyumba hii hakuna hata shilingi mia.”

Mwenyekiti akaguswa. Ni mtu wa huruma. Akageuka kikamilifu kumtazama mke wangu ili ampe pole, na katika kugeuka huko kibubu kikatoa mlio mrefu, usiokatika, kama mvua inayoanza juu ya bati.

Kimya.

“Hii stuli yenu,” mwenyekiti akasema taratibu, “ina nini?”

Nikasema, “Misumari.” Mke wangu, wakati uleule, akasema, “Shanga.” Tulitazamana.

Mwenyekiti akanyanyuka. Alikishika kibubu ubavuni kwa mikono yote miwili, akakiinua mpaka usawa wa kifua, na kitambaa cha kufuma kikateleza polepole, kikaanguka, na watu 14 wakasoma kwa pamoja, kama wanafunzi wa darasa la kwanza: AKIBA HAIOZI. Nilinyoosha mkono. Nilikuwa nimebakiza hatua mbili kumfikia. Yeye, bila nia mbaya yoyote, kama mtu anayepima nazi, akakitikisa mara moja.

Nilikiona kitako kikiachia. Kwanza msumari mmoja, halafu kona, halafu silingibodi yote ikapinda kama sambusa na kufunguka, na sarafu zikaanza kumwagika juu ya viatu vya mwenyekiti, juu ya sakafu, chini ya sofa. Sarafu moja ya 500 ilijiviringisha kwa ukingo, ikapita katikati ya miguu ya katibu, ikazunguka meza, ikaja kuanguka mbele ya ndala zangu. Nikaikanyaga. Mpaka leo sijui kwa nini niliikanyaga, maana nyingine zaidi ya mia zilikuwa wazi mbele za watu.

Lakini sarafu hazikuwa tatizo. Zilipomalizika kumwagika, kukafuata vikaratasi, vyepesi, kimoja kimoja, kama majani ya mkungumanga. Mhazini akainama, akaokota cha kwanza, akavaa miwani, na akakisoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: “Shilingi 10,000. Dharura. Nitarudisha Ijumaa.” Akaokota cha pili: “Shilingi 10,000. Dharura. Nitarudisha Ijumaa ya pili.” Cha tatu: “Shilingi 5,000. Tiketi ya mpira, dharura.” Cha nne: “Shilingi 15,000. Chipsi kuku na wenzangu kazini, nimeshindwa kukataa.” Wenzangu hao wa kazini walikuwa wamekaa kwenye sofa langu. Hapo ndipo vicheko vilipoanza, na shemeji yangu akalala chini kabisa.

Vilikuwa vikaratasi 23. Kile cha mwisho mhazini alikitazama muda mrefu, kisha akampa mwenyekiti, mwenyekiti akampa katibu, na katibu, kwa heshima, akanipa mimi nisome mwenyewe. Mwandiko haukuwa wangu. Kilisema: “Nimechukua 20,000 ya kusukia. Baba watoto, ukitumia bigijii tumia ya minti, ile ya ndizi inachafua noti.”

Alikuwa anajua tangu Machi. Alikuwa akivua upande wa pili.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Mhazini alihesabu fedha sakafuni kwa sababu ndiyo kazi yake, na zilipatikana shilingi 93,400 mahali ambapo jedwali, katika wiki ya 31, lilitaka ziwe 496,000. Zote zilichukuliwa kupunguza ahadi, nikaandikiwa stakabadhi na deni la 56,600, na ombi langu la kushushiwa halikujadiliwa tena. Ile 500 niliyoikanyaga pia aliiomba.

Katikati ya wiki mke wangu alichukua jedwali la wiki 52 na kulipeleka kwenye kikoba chao, akalipunguza liwe kiasi kilekile kila wiki, jambo ambalo lingeniepusha na mengi kama ningeliwaza mwenyewe. Sanduku lao ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wanawake watatu wanaokaa mitaa mitatu tofauti. Nilimuuliza, kwa udadisi tu, kama lina tundu. Swali hilo alilifikisha kikundini. Nimearifiwa kwamba limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Ninyi mnaoendelea kunitumia picha za ndoano na mitumbwi, ninaziona. Na wewe uliyebadilisha jina la kundi la kamati likawa “Mvuvi”, ninakujua, maana ni wewe pekee mwenye mamlaka ya kubadilisha, ndugu katibu.

Jana kamati ilirudi baa. Nyumba yangu imefutwa kwenye orodha kwa sababu za kiusalama. Mwenyekiti, kwa huruma yake ileile, akaniagizia mishikaki ili tuyamalize, nikala, tukacheka, nikadhani imekwisha. Wakati wa kuondoka akamwita mhudumu, akamnong’oneza, na yule binti akaja mpaka mbele yangu na sahani tupu, uso mkavu kabisa.

“Samahani, kaka. Nimeambiwa nihesabu vijiti.”

Vilikuwa saba. Nilirudisha sita, kisha nikapapasa mfuko wa shati.